Bata mzinga na mboga za Novemba, St. Paul

Dada, umeuliza kama bata mzinga wa mfugaji anamshinda wa barafu wa supamaketi, na kama Novemba soko la wakulima la St. Paul, Minnesota, bado lina mboga za maana.

Mboga zipo. Pale wanauza vilivyolimwa karibu tu, na wakulima wengi ni Wahmong, jamii yenye asili ya milima ya Asia ya Kusini-Mashariki, ndiyo maana kiangazi unapata hadi majani ya maboga. Hayo jalidi ya kwanza ikipiga yamekwisha. Sukuma ndiyo kwanza inanoga, kwa sababu baridi huifanya ijaze sukari. Maboga makubwa ya kuchongwa sura achana nayo, ni maji matupu. Tafuta boga aina ya kabocha: ganda la kijani kibichi, gumu, bapa kidogo juu. Likiiva linakuwa na unga kama la nyumbani, na tui la nazi linalikubali kabisa. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa hurojeka. Chukua vya ngozi ya zambarau, vyeupe ndani.

Bata mzinga mbichi wa mfugaji agiza mapema, Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Kadiria nusu kilo kwa kila mtu, mifupa ikiwemo. Wa barafu muyeyushie ndani ya friji, siku nzima kwa kila kilo mbili, si juu ya meza. Yeyote utakayemchukua, paja lifike nyuzi 74 za Selsiasi. Bei ya mfugaji inauma. Kama hujawahi kumuoka ndege huyo, mwaka huu jifunzie kwa wa barafu.