Usiisugue hiyo sarafu kwa ndimu

Mkuu, weka ndimu chini. Umeandika kwamba umeibua sarafu nne za shaba zilizolika, shambani Kibosho, hazisomeki, na jioni unazisugua kwa ndimu na chumvi ndipo utuulize ni za mwaka gani, zina bei gani na ununue detekta (kifaa cha kutafutia metali ardhini) ipi. Ukishasugua, hakuna atakayekujibu.

Sarafu iliyolika karibu haina tena mwinuko wa herufi na picha. Kilichobaki cha herufi kimekaa kwenye ule utando wa kijani na kahawia. Asidi ya ndimu inakula utando huo kwanza, unabaki na kisahani chenye rangi ya waridi na vishimo. Wale wa video wanakuonyesha mng'ao, hawakuonyeshi mwaka, maana mwaka umeshaondoka. Na mnunuzi aliyenishauri mimi ndimu ndiye aliyerudi kununua sarafu zangu kwa bei ya shaba chakavu. Inaniuma mpaka leo.

Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri. Mwambie muuzaji wazi kwamba hutaki asidi. Badilisha kila siku hadi yabaki meupe. Udongo mwekundu utoe kwa njiti ya meno sarafu ikiwa bado imelowa, kisha ikaushe kwa kuigusisha kitambaa cha pamba.

Pima kipenyo kabla ya uzito, kwa sababu kulika kunapunguza gramu haraka kuliko milimita. Kaliper inatosha, na sonara yeyote mjini Moshi ana mizani. Milimita 37, gramu kama 20, bila tundu: heller 5, sarafu ya Mjerumani alipotawala huku, 1908 au 1909. Milimita 20, gramu 4: heller 1, kati ya 1904 na 1913. Ya shaba yenye tundu la duara safi katikati ni senti za Mwingereza. Tundu la ukingoni limetobolewa na mtu ili aivae.

Kazi iko kwenye milimita 25, gramu 6.5. Hapo kuna sarafu iliyoitwa "pesa" ya kampuni ya Kijerumani ya 1890 hadi 1892, sarafu ya "robo ana" ya India, na paisa ya Zanzibar ya mwaka 1299 Hijria, zote karibu sawa. Zima taa, laza tochi ya simu ubavuni mwa sarafu, izungushe polepole. Ukiona bawa la tai, ni Mjerumani. Kivuli cha kichwa, India. Picha ya mizani, Zanzibar. Ukingo wa hilo bawa ni mwembamba kama uzi, na ndio ndimu inaoanza nao.

Leo tuma picha za tochi, kila upande mara nne, pamoja na vipenyo.