Nunda asionekane mapema: kugeuza ngano kuwa filamu ya kutisha

Ngano zilikuwa za kutisha kabla kamera haijazaliwa. Katika toleo la kwanza la ndugu Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Ujerumani, la 1812, anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Mama wa kambo aliingizwa katika toleo la 1819. Pinocchio, kikaragosi cha mti cha mwandishi Mwitaliano Collodi, katika kitabu cha 1883, anamuua nyenje kwa nyundo. Basi anayetaka kutengeneza filamu ya giza kutokana na hadithi ya watoto asianze na ndoo ya damu. Autafute kwanza woga uliomo mle mle ndani.

Kwa anayepiga filamu Bagamoyo, hadithi nzuri kuliko zote ni ya Nunda mla watu, iliyomo katika mkusanyiko wa ngano za Kiswahili wa mmisionari Mwingereza Edward Steere, wa 1870. Paka wa sultani, ambaye baadaye ataitwa Nunda, anakula ndama. Watu wanashtaki, sultani anajibu: paka wake, na ndama wake. Paka anakula mbuzi, jibu ni lile lile. Anafika kwa watu, na sultani hasadiki mpaka wanawe mwenyewe wameliwa. Woga wote wa hadithi hii umekaa kwenye jibu hilo, na filamu nyingi za namna hii huharibika kwa sababu mtengenezaji amekimbilia meno ya paka.

Kwa filamu ya dakika 12 andika kurasa 12 za muswada, na kurasa 5 za mwanzo ziwe za mashtaka tu. Onyesha zizi la ndama lililo tupu, kisha kamba ya mbuzi iliyokatika, kisha ndara moja ya mtoto mlangoni. Paka asionekane. Sultani wa leo anaweza kuwa tajiri mwenye majahazi na nyumba kubwa Mji Mkongwe, lakini jibu lake lisibadilike hata neno. Mwigizaji alitamke kwa sauti ya chini zaidi kila mara. Akifoka, mtazamaji anapumua, na shinikizo lote limekwisha.

Kisha mwana wa mwisho wa sultani anatoka kumsaka Nunda. Kila akiua mnyama anamburuta nyumbani akiimba kwamba amemuua Nunda, na mama anaitikia kwamba siye. Katika hadithi wanyama ni wengi na wanazidi kuwa wakubwa. Chagua safari tatu. Usitafute mnyama wa kompyuta wa bei rahisi, atachekwa. Tumia mkeka uliofungwa kwa kamba, uzito uongezeke: kilo 10 za mchanga, kisha 25, kisha 50, ili mgongo wa mwigizaji useme kweli. Safari ya tatu mama akawie kujibu, sekunde 8 za kimya. Hapo mtazamaji ataanza kujiuliza ndani ya mkeka kuna nini, na hamna haja ya kumwambia. Wimbo urekodiwe kabla, ndani ya chumba kilichozungushiwa magodoro, kwa sababu upepo wa pwani huingia kwenye maiki hata yenye kofia ya manyoya. Pia rekodini dakika moja ya ukimya wa kila mahali mnapopiga. Bila hiyo, kila mkato utasikika.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, sekunde 1/50. Ukiiacha 1/60, taa za dukani zitaleta mistari inayotembea kwenye picha. Mwanga wa magharibi, ule wa buluu unaofaa sana kwa picha za kutisha, hudumu dakika 20 hivi tu huku kwetu, kwa hiyo mazoezi yote yaishe kabla jua halijazama. Ufukweni angalia maji: yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na tukio lililoanza jana saa 11 jioni maji yakiwa yamekupwa halitalingana na la kesho kutwa. Magofu ya Kaole yanavutia, lakini usipige tukio la kutisha juu ya makaburi. Ni ya watu, na wazee watafunga milango yote mingine. Mikoko au shamba la minazi vinatosha.

Damu ya bandia: vikombe 2 vya sukari kwa kimoja cha maji, chemsha mpaka iwe nzito kidogo, ongeza rangi nyekundu ya chakula, kijiko kimoja cha chai cha kakao na tone moja la rangi ya buluu. Bila kakao inapenyeza mwanga kama juisi. Bila buluu inageuka waridi chini ya taa nyeupe. Sisimizi wataifuata, na kanzu iliyoingia rangi haitoki safi, kwa hiyo andaa tatu zinazofanana.

Kuhusu haki, usichanganye kitabu na katuni. Winnie-the-Pooh aliweza kugeuzwa muuaji katika filamu ya 2023 kwa sababu kitabu cha 1926 kilikuwa huru Marekani tangu 1 Januari 2022. Yule wa fulana nyekundu wa Disney hakuwamo humo. Vivyo hivyo maandishi ya Steere yako huru, lakini kitabu kipya cha shule kinachosimulia Nunda si chako. Kama umesimuliwa na bibi wa mtaani, mwombe idhini, mlipe, na jina lake liwe kwenye orodha ya mwisho. Muswada upelekwe Bodi ya Filamu kupata kibali kabla ya siku ya kwanza ya kupiga, wala si baada.

Mtoto mwenye ndara apigwe picha mchana, mzazi akiwa pembeni, na asiwepo usiku wa mikeka. Siku ya kupika damu aitwe jikoni, akoroge mwenyewe, aionje, ajue ni sukari tu.