Kasuku Anayeita kwa Sauti ya Babu

Maswali ya wasomaji: daktari wa mifugo anajibu

Katika toleo lililopita niliwaomba wasomaji waniandikie jambo moja tu: tendo la mnyama wao lililowagusa moyo na kuwaachia swali. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa, nami nimechagua tano. Karibu zote zinauliza neno lile lile kwa njia mbalimbali, yaani kama mnyama anatupenda kweli au sisi ndio tunaojipa moyo. Nitajibu kwa kadiri elimu yetu inavyoruhusu, na pale ninapoongeza imani yangu nitasema kuwa ni imani yangu.

*Shikamoo Daktari. Nina paka jike wa miaka mitatu, tuliyemwokota sokoni akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Kila usiku huniletea mjusi kafiri, mara nyingine akiwa bado hai, akamweka kando ya mto wangu na kukaa akinitazama. Kisha hupanda tumboni mwangu na kuikanda kanga niliyojifunika kwa miguu ya mbele, kama mtu anayekanda unga wa chapati. Mama mkwe wangu anasema ni uchuro, nimfukuze. Je, anataka nini kwangu? (Msomaji, Tanga)*

Marahaba, mwanangu. Usimfukuze, na mama mkwe wako umweleze kwa upole, maana nia yake ni kukulinda, kwamba hapa hapana uchuro wowote.

Nianze na kule kukanda. Mtoto wa paka anaponyonya huyasukuma matiti ya mama yake kwa miguu ya mbele, mmoja baada ya mwingine, ili maziwa yashuke. Paka wengi wanaoishi na watu hawaliachi tendo hilo hata wakizeeka, na hulirudia wanapokuwa mahali laini, penye joto, pasipo na kitu cha kuogopa. Aidha, miguuni mwao mna tezi za harufu, kwa hiyo paka anayeikanda kanga yako anaiachia harufu yake pia. Paka aliyeokotwa sokoni bila mama, ambaye leo hulikanda tumbo lako huku akikoroma, amekuweka mahali pa mama yake. Hiyo ndiyo imani yangu, na sioni haya kuisema.

Suala la mjusi lina mjadala zaidi. Paka mwenye watoto huanza kuwaletea mawindo wakiwa na umri wa takriban mwezi mmoja, kwanza yaliyokufa, baadaye yaliyo hai, ili wajifunze kuua. Wapo wataalamu wanaosema kwamba paka anayemletea mtu mjusi anafanya vivyo hivyo, na wapo wanaosema kwamba anayapeleka mawindo yake mahali anapopaona salama kuliko pengine pote nyumbani. Kwa maelezo ya kwanza, wewe ni mwanawe ambaye hajajua kuwinda. Kwa maelezo ya pili, mto wako ndio mahali pake pa amani. Yote mawili ni heshima kwako. Kwa hiyo usimpige wala usimkemee. Mwondoe mjusi kwa karatasi, kimya kimya. Jambo moja tu nakusihi ulisimamie kwa ukali: sumu ya panya isitumike nyumbani kwako, na ukiweza zungumza na majirani pia, kwa sababu paka anayemla panya aliyekula sumu huweza kufa kwa sumu hiyo hiyo.

Ukitaka kumjibu kwa lugha yake, tumia macho. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth nchini Uingereza walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mtu akimtazama paka huku akifumba macho polepole, paka naye huelekea kuyafumba yake nusu, na kwamba hata mgeni akifanya hivyo paka humsogelea kwa urahisi zaidi. Nimelijaribu jambo hilo kibarazani kwangu kwa paka wa jirani, dume mwenye sikio lililochanika, ambaye hakuwahi kukubali kuguswa. Nilikaa chini hatua tatu kutoka alipo, nikafumba macho na kuhesabu hadi tatu, nikayafumbua. Mara ya nne kope zake zikaanza kushuka, ukabaki mstari mwembamba wa kijani, kisha akakilaza kidevu juu ya miguu yake. Hakunijia siku ile. Alikuja siku ya tatu.

Na mama mkwe akiuliza paka amekuwa mtu wa nyumbani tangu lini, mwambie kwamba katika kisiwa cha Saiprasi wachimbuaji walikuta kaburi la takriban miaka 9,500 ambamo mifupa ya paka ililazwa sentimita 40 hivi kutoka kwa mifupa ya mtu.

*Shikamoo Daktari. Baba hushuka Hiace barabara kuu, nusu kilomita kutoka nyumbani, na saa zake hazina mpangilio. Mbwa wetu hulala chini ya mparachichi, lakini dakika chache kabla baba hajatokea huinuka, hujinyoosha, akaenda kusimama getini. Wadogo zangu wanasema ameoteshwa. Anajuaje? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Moshi)*

Marahaba, kijana. Masikio yetu hukomea kwenye sauti za mitetemo takriban 20,000 kwa sekunde, na ya mbwa hupita 40,000. Zaidi ya hapo, mbwa hutambua mwendo wa miguu ya mtu mmoja kati ya wengi, na pua yake huipata harufu ya baba upepo unapovuma kutoka barabarani. Huenda pia anawasoma ninyi wenyewe: mama akianza kupasha chakula, au akitazama saa, mbwa ameshapata habari. Fanya utafiti mdogo. Chukua daftari, uandike kwa mwezi mmoja saa anayoinuka, saa baba anayofika, upepo unakotoka na alichokuwa akifanya mama, kisha mwombe baba siku chache apite njia ya nyuma bila kumwambia mtu. Matokeo uniletee, nitayachapisha hapa.

Namna anavyojua si kubwa kwangu kama kule kuinuka kwenyewe. Huko Tokyo, mbwa aliyeitwa Hachiko alizoea kumlaki bwana wake, profesa Ueno, kwenye kituo cha treni cha Shibuya. Profesa alifariki mwaka 1925, na Hachiko aliendelea kwenda kituoni hadi alipokufa mwaka 1935. Mwaka 1934 palizinduliwa sanamu yake kituoni hapo, naye mwenyewe akiwa hai na akiwepo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2015, wanasayansi wa huko huko Japani walionyesha kwamba mbwa na bwana wake wanapotazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini huongezeka kwa wote wawili, nayo ndiyo homoni inayofanya kazi kati ya mama na mtoto wake mchanga. Baba akifika getini, basi, asipite haraka. Ainame kidogo, amtazame mbwa wake, amwite jina.

*Hujambo Daktari. Nilipokuwa mdogo tulisimuliwa habari za mtoto wa kiboko aliyelelewa na kobe huko Mombasa. Sasa wanangu wanasema ni hadithi ya kutungwa. Naomba unisaidie. (Baba wa watoto wawili, Nakuru)*

Sijambo, ndugu yangu. Ni kweli tupu. Mwishoni mwa Desemba 2004 mtoto wa kiboko, aliyesukumwa na mafuriko ya Mto Sabaki hadi baharini, alionekana karibu na Malindi amekwama kwenye mwamba, bila mama wala kundi, wakati mawimbi ya tsunami yalipofika pwani yetu. Wavuvi na wananchi walihangaika naye kwa nyavu kwa saa nyingi mpaka wakamtoa, naye akapewa jina la Owen kutokana na mmoja wa waokoaji wake. Alipelekwa kwenye hifadhi ya Haller Park, Bamburi, Mombasa, mahali palipokuwa machimbo ya kampuni ya saruji kabla Rene Haller hajaanza kupapanda miti katika miaka ya 1970.

Alipofunguliwa alikimbia moja kwa moja na kujibanza nyuma ya kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 na kuitwa Mzee. Mwanzoni Mzee hakupendezwa: alifoka na kujiondoa. Mtoto akamfuata. Siku hazikuwa nyingi wakawa wanalala ubavu kwa ubavu, wanakula pamoja na kuingia majini pamoja, na Owen akawa anamlamba Mzee usoni. Mtoto wa kiboko kwa kawaida hushikamana na mama yake, na gamba kubwa la kijivu lililoinama chini huenda ndilo lililokuwa kitu pekee cha kumkumbusha. Ninachokipenda zaidi katika kisa hiki ni upande wa Mzee, kwa sababu hakuwa na haja yoyote ya mtoto, lakini aliacha kukimbia. Mwaka 2007 Owen alikuwa amekua mno, mwili wake ungeweza kumdhuru rafiki yake, hivyo akatengwa naye na kuishi na kiboko jike aitwaye Cleo. Waambie wanao kwamba baba yao hakuwadanganya.

*Daktari, mwanangu wa miaka minne humkalia mbwa wetu mgongoni, na mbwa hutulia tuli, anajilamba midomo na kupiga miayo. Nimerekodi video na kila mtu anaipenda. Je, mbwa anafurahi? (Mama, Mwanza)*

Hapana, mama, naye amejitahidi kukuambia. Mbwa anayejilamba midomo bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza uso huku weupe wa macho ukionekana, ni mbwa aliyebanwa na anaomba nafasi. Kutulia kwake ni uvumilivu, na uvumilivu wa mbwa mpole huisha ghafla. Mshushe mtoto leo, mfundishe kukaa pembeni na kumsubiri mbwa amjie mwenyewe, na uhakikishe chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Mbwa akimjia mtoto kwa hiari yake, mwili ukiwa legevu na mkia ukichezacheza pamoja na kiuno, hapo chukua simu yako urekodi.

*Salamu, Daktari. Babu yetu alifariki mwaka jana. Kasuku wake wa kijivu, aliyekuwa naye tangu kabla mimi sijazaliwa, bado huita kila jioni giza likianza kuingia. Anaita kwa sauti ya babu, pamoja na kikohozi chake: “Batoto, mukuje kula!” Mama akisikia hutoka nje akalia. Wajomba wanataka auzwe. Je, ndege huyu anajua kwamba babu hayupo? (Mjukuu, Goma)*

Poleni sana kwa msiba, ninyi nyote, na mama hasa. Barua hii niliisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu.

Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu yenu ya Kongo, na kwa asili hakai peke yake. Jioni makundi yao hukusanyika kwenye miti ya kulala, na kabla ya kutulia huitana kwa muda mrefu. Kila mmoja hutoa sauti ili wenzake wajue yuko wapi, naye hungoja kujibiwa. Kasuku anayelelewa nyumbani hana kundi jingine ila watu wa nyumba ile, na huzishika zaidi sauti zinazoleta jambo. Sasa fikiria alichokiona kwa miaka yote hiyo: giza linaingia, mzee mmoja anakohoa, anaita, na watoto wanatokea kila upande, wanakaa, wanakula, kelele zinajaa uani. Hakuna sauti aliyowahi kuisikia yenye nguvu ya kukusanya kundi kuliko hiyo. Anapoiita leo hafanyi mzaha na kilio chenu. Anawakusanya.

Kwamba ndege hawa wana akili si jambo la kubuni. Huko Marekani mwanasayansi Irene Pepperberg alimlea kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex kwa miaka 30, hadi alipokufa mwaka 2007, naye alitaja rangi, maumbo na idadi ya vitu alivyoonyeshwa. Mwaka 2020 jaribio lililochapishwa na watafiti wa Ulaya lilionyesha kwamba kasuku wa kijivu aliyeweza kumpa mwenzake kipande cha chuma cha kubadilishia chakula alimpa, ingawa yeye mwenyewe hakupata chochote kwa kutoa. Ndege wa namna hiyo huona mtu anapokosekana. Mchunguzeni: akijinyonyoa manyoya kifuani, akiacha kula au akikaa chini ya tundu amejikunyata, ana huzuni iliyozidi na anahitaji daktari.

Kuhusu kumwuza, nasema wazi kwamba sikubaliani na wajomba, pamoja na heshima yangu kwao. Tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotolewa porini imepigwa marufuku, na hata mnunuzi akiwa jirani, ndege aliyepoteza mtu mmoja atapoteza kundi zima. Kasuku wa aina hii akitunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60, hivyo inawezekana kabisa kwamba sauti ya babu yenu itawaita kula watoto ambao bado hamjawazaa.

Chagueni mtu mmoja, ikiwezekana aliyekuwa karibu na babu, awe ndiye anayempa chakula na kuzungumza naye asubuhi. Lihamishieni tundu mahali mnapokula. Mrekodini sauti yake mama atakapokuwa tayari, si kabla. Na jioni anapoita msimwache aite hadi achoke, kwa maana mwito wa kasuku usiojibiwa ndio unaomwambia kwamba amebaki peke yake. Mmoja wenu, hata mdogo kuliko wote, aende akasimame karibu na tundu na kumwambia kwa sauti anayoijua: “Tumekuja.”