Kichina cha kale: "Nyota ya Moto" sio Mirihi

Mkuu uliyeuliza kuhusu ule mstari wa shairi la kale la Kichina, "mwezi wa saba Moto unateremka", kwamba umefungua kamusi umekuta 火星 (huoxing, nyota ya moto) ni Mirihi na bado shairi halikai sawa, na pia ukauliza shen na shang kwenye mashairi ni nini, nakujibu kwa urefu kidogo maana hapohapo ndo na mimi nilikwama. Nilikuwa Nanjing nasoma uhandisi wa maji, mwaka wa pili nikachukua somo la ziada la wenyan, yaani ile lugha ya maandishi ya zamani, na tulipofika kwenye huo mstari nikaandika Mirihi kwenye daftari bila wasiwasi wowote. Mwalimu akapita, akasoma, akaenda ubaoni akachora joka, katikati ya joka akaweka nukta tatu, ile ya kati akaipaka chaki nyekundu. Akasema "Huo", yaani Moto, ndo hii.

Ni ile nyota nyekundu ya kwenye kundi la Nge. Waarabu wanaiita Moyo wa Nge, na Wachina nao zile nyota tatu wanaziita Xin, Moyo, ila kwao ni moyo wa joka la mashariki. Nyota yenyewe ilikuwa inaitwa Huo, Moto, au Dahuo, Moto Mkubwa. Kwa mkulima wa enzi za Zhou, utawala wa kale wa China, giza likiingia akaiona juu upande wa kusini alijua ni mwezi wa sita, joto lenyewe hasa, na mwezi wa saba inaanza kuteremka kwenda magharibi. Kwa hiyo shairi linasema joto linaondoka, ndo maana mstari unaofuata unasema mwezi wa tisa watu wanagawiwa nguo, baridi inakuja. Siku hizi Wachina wengi tu wanautumia huo msemo kumaanisha Julai jua linachoma, yaani kinyume kabisa, kwa hiyo usijione umechelewa kuelewa.

Sasa Mirihi nayo ilikuwa inaitwaje? Yinghuo, 熒惑, kitu kama "kinachometameta na kuchanganya watu". Angalia vizuri, hiyo huo ya pili ni herufi nyingine, maana yake kuchanganya, sio moto. Jina linaeleweka ukiifuatilia Mirihi miezi kadhaa, mwanga wake unapanda na kushuka, inaenda mbele, inasimama, inarudi nyuma, alafu inaendelea tena. Majina unayoyaona kwenye kamusi, nyota ya maji, ya metali, ya moto, ya mti na ya udongo, yametoka kwenye ile hesabu yao ya vitu vitano, ila ukisoma vitabu vya watazama nyota wa zamani utakutana zaidi na majina yale mengine. Utaridi ni Chenxing. Zuhura ni Taibai, Mweupe Mkuu, na kwenye mashairi ya zamani zaidi ina majina mawili, ikitokea mashariki alfajiri ni Qiming, mfungua mwanga, ikibaki magharibi jioni ni Changgeng. Mshairi Li Bai jina lake lingine ni Taibai, inasimuliwa mama yake aliiota hiyo nyota wakati wa kumzaa.

Mshtarii ni Suixing, nyota ya mwaka, kwa sababu inazunguka anga karibu miaka 12 (kwa usahihi 11.86) kwa hiyo kila mwaka inakaa kituo kimoja kati ya 12. Hiyo sui ni ileile unayoisikia mtaani mtu akiuliza umri wa mtoto, ana sui tano. Zohali ni Zhenxing, nyota inayotuliza au kukandamiza, waliihesabia miaka 28 kumaliza mzunguko, kila mwaka kituo kimoja cha mwezi (vile vituo 28 ambavyo mwezi unapita angani), wakati kiukweli ni kama 29 na nusu.

Hapo kwenye Moto na Yinghuo kuna kisa ninachokipenda sana na kitakusaidia usizichanganye tena. Mtawala Jing wa Song aliambiwa na mtazama nyota wake, Ziwei, kwamba Yinghuo imesimama kwenye Xin, na Xin ndo sehemu ya anga ya nchi ya Song, kwa hiyo balaa linakuja kwake. Akashauriwa alihamishie kwa waziri mkuu, akakataa, waziri ndo anayeendesha nchi na mimi. Basi kwa wananchi, akakataa, wakifa nitamtawala nani. Basi kwa mavuno ya mwaka, akakataa, watu watakufa njaa. Ziwei akampongeza, kwamba kwa maneno matatu mazuri nyota itasogea vituo vitatu, na kisa kinasema ilisogea na akaongezewa miaka 21. Ukiwa unasoma kwa kamusi ya leo utaandika "nyota ya moto ikasimama kwenye Moto" na hutaelewa nani kasimama kwa nani. Hata Wagiriki hiyo nyota ya Nge waliiita Antares, yaani mpinzani wa Mirihi, kwa huo wekundu.

Neno lingine litakalokusumbua ni chen, 辰, na hili naomba ulichukulie kwa uzito maana mimi lilinitoa jasho. Chenxing ni Utaridi. Beichen ni ncha ya kaskazini ya anga, ile Confucius anayosema mtawala mwema ni kama Beichen, inakaa mahali pake na nyota zote zinaizunguka. "Chen tatu" ni jua, mwezi na nyota kwa pamoja. Chen peke yake inaweza kuwa mahali jua na mwezi vinapokutana, na kwenye kitabu cha Zuozhuan chen ni ileile nyota yetu ya Moto! Ukikutana nayo angalia kwanza jirani zake kwenye sentensi ndo uchague.

Hiyo Zuozhuan ndo inatupeleka kwenye swali lako la pili, shen na shang. Kulikuwa na ndugu wawili, Ebo na Shichen, kila siku wanapigana, silaha mkononi. Mtawala akawatenganisha, Ebo akapelekwa Shangqiu asimamie nyota ya Moto, Shichen akapelekwa magharibi asimamie Shen, ambayo ni ule mkanda wa nyota tatu na mabega ya kundi la Jabari. Moja ikichomoza nyingine inazama, hazionani kamwe. Hili hata huku kwetu unalithibitisha mwenyewe, Jabari utamwona jioni za Desemba mpaka Machi, Nge jioni za Juni mpaka Septemba. Kwa hiyo mshairi Du Fu mwaka 759 alipofika kwa rafiki yake baada ya miaka 20 akaanza shairi kwa kusema watu maishani hawaonani, wanakwenda kama Shen na Shang (Shang ni jina lingine la nyota ya Moto). Mbele kidogo anasema tulipoachana ulikuwa hujaoa, leo watoto wako wamejipanga mstari. Mimi nililisoma hilo nikiwa sijarudi nyumbani miaka mitatu, sikuhitaji maelezo ya mwalimu.

Vile vituo vya mwezi nilivyovitaja vinaitwa xiu, 宿, herufi ya kulala safarini, ni 28, na mtu wa pwani aliyesikia habari za falaki ataona ni kama manazili, nazo ni 28, ila nyota zenyewe hazilingani zote. Mojawapo ni Mao, 昴, hiyo ndo Kilimia yetu kabisa, na kitabu cha kale cha nyaraka kinasema siku zikiwa fupi na nyota ikawa Mao umefika katikati ya baridi. Wao wanaitumia kujua baridi imefika, sisi tumeipa jina la kulima.

Vinavyobaki utavimudu, kwa sababu anga lao limejaa vitu vya nyumbani na vyeo vya serikali, mwanahistoria wa kale Sima Qian sura yake ya nyota kaiita kitabu cha maafisa wa mbinguni. Kuna kata ya kuchotea, Beidou, na kuna ungo wa kupepetea, Ji. Kuna shairi la kale la watu waliochoshwa na kodi linalalamika kwamba kusini kuna ungo lakini haupepeti kitu, kaskazini kuna kata lakini haichoti pombe. Nyota yenye mkia ni nyota ya ufagio, na nyota inayotokea ghafla pasipokuwa na kitu ni kexing, nyota mgeni. Ile ya mwaka 1054 walisema ilionekana mchana siku 23, na mabaki yake mpaka leo yanaonekana kwa darubini.

Ukimaliza hayo tafuta Laoren, Mzee, nyota ya maisha marefu. Kule Xi'an inachungulia kusini nyuzi kama tatu tu juu ya upeo, Beijing haionekani kabisa, ndo maana kuiona ilihesabiwa baraka. Niliporudi Dar, Februari moja umeme umekatika saa mbili usiku, nikatoka nje nikatazama kusini, Mzee yuko juu ya paa la jirani, nyuzi zaidi ya arobaini, anawaka. Nikampigia simu mwalimu wangu palepale, kule ilikuwa saa saba usiku, akapokea.