Besi Inapiga, Taa Zinafifia

SWALI: Fundi, jambo sana. Niko shofere wa taksi hapa Goma, nafanyaka Birere–Ndosho na Noah. Nilifunga subwufa mbili za inchi 12, kila moja ohm 4 (ule ukinzani wa umeme), kwa ampli ya chaneli mbili. Besi ikipiga taa za mbele zinafifia, kisha kama dakika kumi ampli inawasha kataa kekundu inanyamaza. Na sauti yenyewe iko puu puu, sawa unapiga bidoni tupu. Masanduku yamefungwa, kila subwufa na lake, mbao ya eukaliptisi, sentimita 40 kwa 35 kwa 30, seremala alisema ni lita 42. Fizibo (fyuzi) iliungua mara mbili njo nikaweka kawaya ka shaba pahali pake. Batu wanasema niongeze batri ya pili. Nifanye je?

JIBU: Mdogo wangu, kwanza toa kale kawaya. Leo, usingoje kesho. Fizibo haiko ya kulinda ampli, iko ya kulinda waya, na inakaaka karibu ya batri, isipite sentimita 45, juu waya ikijikwaruza kwa chuma njiani batri inatoa umeme wake wote pale pale, na wewe uko na abiria ndani. Nilishafanya huo ujinga nikiwa kijana, harufu ya plastiki ikiungua chini ya tapi haijanitoka puani mpaka leo.

Batri ya pili acha. Angalia mase, ile waya ya negatifu ya ampli inayofungwa kwa chuma cha gari. Mafundi wa haraka haraka wanatafutaka boliti yoyote ya kiti, wanakaza juu ya rangi, wanapokea franga zao wanaenda. Rangi haipitishe umeme! Kwaruza mpaka chuma king'ae, waya iwe fupi, nusu mita hivi, unene wake sawa na ile ya pozitifu, kisha paka grisi juu kutu isiingie. Na kwa haya mawe yetu ya volkano boliti inalegea tu, mimi nakazaka yangu kila mwezi. Halafu chukua uzi mumoja wa waya uukwaruze na kisu: ukiwa mweupe ndani, walikuuzishia aluminiamu iliyopakwa shaba, na aluminiamu inapitisha kama asilimia 60 tu ya ile shaba inapitisha, basi unahitaji waya nene zaidi.

Ampli kujizima: hukusema uliungaje ila nabashiri pozitifu zote pamoja, negatifu zote pamoja, kisha ukabriji, yaani chaneli mbili za ampli ukaziunga zikawa moja. Ohm 4 mbili hivyo zinakuwa 2, na ampli nyingi za chaneli mbili zikibrijiwa hazitaki chini ya 4. Ohm zikiwa chache hivyo inabeba mzigo usio wake, inapata moto, inajizima ili isife. Toa waya kwa ampli upime na multimeta: ukisoma karibu 1.8, njo ile. Unga negatifu ya kwanza kwa pozitifu ya pili, zile mbili zinazobaki zirudi kwa ampli, utasoma karibu 7 na itapumua. Ukiniuliza mimi, ningeuzisha moja. Subwufa moja ya ohm 4 inavuta kwa hiyo ampli nguvu mingi kuliko mbili zilizofuatana, na unapata nafasi ya mizigo ya mamama wa soko.

Sasa puu puu. Seremala wako alipima nje. Kama mbao ni milimita 18, toa milimita 36 kwa kila kipimo, 18 huku na 18 kule, ndani inabaki sentimita 36.4 kwa 31.4 kwa 26.4, yaani lita 30 tu, na subwufa yenyewe inakula kama 2. Kwa sanduku la kufungwa si mbaya sana, linganisha na lita zilizoandikwa kwa karatasi iliyokuja na subwufa yako. Mimi naogopa zaidi ile eukaliptisi, ikikauka inapasuka. Besi ikipiga pitisha mkono wenye maji kwa maungio, ukisikia hewa inakupuliza umeshapata mwizi. Changanya vumbi la mbao na kole nyeupe uzibe, ila kama unaanza upya chukua tripleksi ya milimita 18, kole kwa kila ungio na vise kila sentimita 15. Gonga ukuta na ngumi, ukilia kama ngoma weka gongo ndani likaze pande mbili.

Ukikataa kuuzisha, gusisha kila subwufa, waya zake zikiwa zimetolewa kwa ampli, na kabatri ka rimoti ka volti 1.5, pozitifu kwa pozitifu. Koni zote ziruke nje. Moja ikiingia ndani kumbe alama zake zilichorwa vibaya, zinauana besi, na wewe uko unatafuta bei ya batri Birere.