Jibu: Kompyuta mpya inawaka, feni zinazunguka, lakini skrini ni nyeusi

Habari ndugu. Nimekuelewa: umeunga kompyuta mwenyewe, taa na feni zinawaka vizuri, ila skrini inasema haipati mawimbi.

Anza na waya wa skrini. Kama una kadi ya picha, uchomeke kwenye kadi, si kwenye ubao mama (bodi kuu inayobeba vipande vyote). Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina grafiki za ndani (uwezo wa kutoa picha zenyewe), hivyo tundu la HDMI la ubao mama halitatoa kitu.

Kisha RAM (vijiti vya kumbukumbu), na hapa usiwe na haraka. Mashine yangu ya kwanza ilinikesha usiku mzima, kumbe kijiti kimoja hakikuingia upande mmoja; kwa macho kilionekana kimekaa sawa kabisa. Chomoa umeme, toa vijiti vyote, rudisha kimoja tu. Kama ubao una nafasi 4, tumia ya pili kutoka kwenye prosesa, ukandamize hadi usikie ka! Ikiwa RAM yako ni ya aina ya DDR5, kuwasha mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi. Subiri dakika 10 kabla ya kuzima, tafadhali.

Waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini 8, wengi huusahau, maana feni huzunguka hata usipochomekwa.

Bodi nyingi zina vitaa vya CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuwashia). Tuambie kipi kinabaki kuwaka, na utaje prosesa na ubao wako. Bodi nyingine huhitaji BIOS (programu ya ndani ya ubao) mpya ndipo ziitambue prosesa.