Maswali ya Wasomaji: Eropleni na Ndege, Lipi Jina Halisi?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mazungumzo ya walimu shuleni kwetu, mwenzetu mmoja alishikilia kwamba jina halisi la chombo cha kusafiria angani ni eropleni, na kwamba kukiita ndege ni kubabaisha tu, kwa kuwa Kiswahili kilikosa neno kikaazima jina la kiumbe. Naomba kufahamishwa neno eropleni lina maana gani, limetoka wapi, na kama kweli ndilo lenye haki zaidi. – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, eropleni ni umbo la Kiswahili la neno la Kiingereza "aeroplane", nalo lilikwisha kutumiwa na Wafaransa, kwa umbo la "aéroplane", tangu mwaka 1855. Sehemu yake ya kwanza ni ya Kigiriki na maana yake ni hewa. Sehemu ya pili inahusiana na kitenzi cha Kifaransa "planer", kinachotumika kwa mwewe anapotandaza mabawa na kuelea angani bila kuyapiga, na kitenzi hicho kina asili yake katika neno la Kilatini "planus", yaani kilicho bapa. Ukiziunganisha sehemu hizo mbili unapata kitu bapa kinachoelea hewani, na hapo ndipo penye jambo ambalo mwenzenu huenda hakulifikiria: kwa Kiingereza, mwanzoni, neno hilo halikuwa jina la chombo kizima bali la bawa lake.

Ili kuelewa kwa nini bawa lilihitaji jina la pekee, inafaa kukumbuka kwamba kwa karne nyingi watu waliotamani kuruka walihangaika na mabawa ya kupigapiga, wakiamini kwamba asiyepiga mabawa hawezi kupaa. Aliyeachana na njia hiyo kwa hoja za kisayansi ni Mwingereza George Cayley. Mwaka 1799 alichora kwenye kisahani cha fedha chombo chenye mabawa yasiyosogea, na katika makala alizochapisha mwaka 1809 na 1810 alieleza kwamba kazi yote iliyopo ni kulifanya bapa libebe uzito kwa kutumia nguvu dhidi ya ukinzani wa hewa. Bapa likiinuliwa kidogo upande wa mbele na kusukumwa kwa kasi, huielekeza hewa chini, nayo hewa hulisukuma bapa juu. Kwa hiyo mabawa yanaachiwa kazi ya kubeba, na kazi ya kusukuma mbele inapewa mtambo mwingine. Wazo hilo la kutenganisha kubeba na kusukuma ndilo msingi wa ndege zote za mabawa yasiyosogea tunazopanda hadi leo, na ndilo lililolipa bapa heshima ya kuwa na jina lake.

Mwaka 1866 mhandisi Francis Wenham alisoma mbele ya chama cha mambo ya anga cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka huohuo, makala kuhusu kusafiri angani, na humo alilitumia neno hili kwa maana ya bawa. Ushahidi ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni hataza, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, ya ndugu wawili wa Kimarekani, Wilbur na Orville Wright, waliyopewa tarehe 22 Mei 1906, zaidi ya miaka miwili baada ya kuruka kwa mara ya kwanza kule North Carolina tarehe 17 Desemba 1903. Katika hataza hiyo chombo chao kizima wanakiita mashine ya kuruka, na neno "aeroplane" wanalitumia kwa lile bapa la kitambaa lililotandazwa juu ya fremu. Ndiyo maana pia ndege ya zamani yenye mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine huitwa kwa Kiingereza "biplane", yaani yenye bapa mbili. Jina la bawa likaenea polepole hadi likawa jina la chombo, na baadaye Wamarekani wakalifupisha kuwa "airplane". Sisi tuliokuwa chini ya utawala wa Uingereza tulipokea umbo refu la Kiingereza cha Uingereza, na ile "ero" ya mwanzo katika eropleni bado inaonyesha njia tuliyolipatia.

Sasa turudi kwenye dai la kwamba kukiita chombo hicho ndege ni dalili ya upungufu. Wafaransa, ambao ndio waliolitumia neno "aéroplane" mapema kiasi hicho, leo hawalitumii tena katika mazungumzo ya kawaida. Wao husema "avion", neno lililobuniwa na mhandisi wao Clément Ader kutokana na neno la Kilatini "avis", ambalo maana yake ni ndege, kiumbe. Ader aliiandikisha hataza ya chombo chake kwa jina hilo mwaka 1890, na tarehe 9 Oktoba mwaka huo chombo chake kilichoendeshwa kwa mvuke, chenye mabawa yaliyoigwa kutoka kwa popo, kilinyanyuka kidogo tu kutoka ardhini na kwenda takriban mita 50. Mwaka 1911 jeshi la Ufaransa liliamua kuziita ndege zake kwa neno hilo ili kumuenzi, na watu wote wakalifuata. Waarabu nao husema "taira", kutokana na mzizi wa kuruka, mzizi uleule unaotoa neno lao la ndege kiumbe. Na kutokana na mzizi huohuo Kiswahili cha pwani kilipata "tiara", ile karatasi yenye vijiti ambayo watoto huirusha kwa uzi na ambayo wengine huiita kishada. Kwa hiyo Mswahili alipokitazama chombo kile, akaona mabawa, mkia na kuruka, akakiita ndege, alifanya uamuzi uleule uliofanywa na mataifa yenye viwanda vya kuviunda vyombo hivyo.

Watu wa pwani yetu walipata nafasi ya kuviona mapema. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, ndege za Waingereza ziliruka juu ya delta ya Rufiji kuitafuta manowari ya Wajerumani Königsberg na kuwaelekeza wapiga mizinga, hadi manowari hiyo ilipoangamizwa mwezi Julai. Mwaka uliofuata ndege za Wabelgiji zilishambulia Kigoma zikitokea upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Na mji wako wenyewe, ndugu msomaji, una nafasi yake katika historia hii, kwa sababu kampuni ya Imperial Airways ilipofungua njia yake kutoka London hadi Afrika Mashariki mwaka 1931, kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza, na sehemu ya mwisho ya safari ilifanywa kwa ndege za majini zilizotua ziwani.

Jambo linalonipa furaha zaidi ni kwamba neno letu lilisafiri. Mnyarwanda na Mrundi humwita ndege kiumbe "inyoni", lakini chombo hukiita "indege". Mmalawi anayesema Kichewa humwita kiumbe "mbalame" na chombo "ndege". Katika lugha hizo neno hili halihusiani kabisa na manyoya wala mayai. Ni jina la chombo tu. Lugha inayodaiwa kukosa neno ndiyo iliyowapa majirani jina la chombo hicho. Eropleni si kosa, na wazee wengi bado hulisema, lakini kulipa haki kuliko ndege hakuna msingi, si katika historia wala katika maana.

SWALI: Je, hakuna hatari ya kuchanganya, ikiwa kiumbe na chombo vina jina moja? Wanafunzi wangu huandika "ndege huyu wa abiria" na "ndege hii inataga", nami nawasahihisha bila kuwa na maelezo ya kutosha. – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Unawasahihisha kwa haki. Kiswahili kiliongeza maana bila kuongeza neno, na kazi ya kutenganisha maana hizo kikaiachia upatanisho wa kisarufi. Kiumbe hai hufuata upatanisho wa a-/wa-: ndege huyu ametua, ndege hawa wametua, ndege wangu. Chombo hufuata i-/zi-: ndege hii imetua, ndege hizi zimetua, ndege yangu. Herufi moja inatosha kubadili picha nzima, kwani ndege wa majini ni kama bata na korongo, lakini ndege ya majini ni chombo kama vile vilivyotua Mwanza.

Utaona nguvu ya utaratibu huu hasa pale viwili hivyo vinapokutana katika habari moja. Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya shirika la US Airways iliyokuwa imeruka muda mfupi tu kutoka New York iligongana na kundi la mabata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu, na rubani akalazimika kuitua katika mto Hudson, ambako watu wote 155 waliokuwamo walinusurika. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuandika kwamba ndege hao waliingia katika injini za ndege hiyo, na hakuna msomaji atakayepotea. Utata hubaki katika tungo chache, kama "bawa la ndege limevunjika", ambapo upatanisho unafuata bawa wala si ndege. Hapo mwambie mwanafunzi aongeze kionyeshi, huyo au hiyo, au aitaje aina ya ndege anayoikusudia.

SWALI: Na helikopta, je, ni ndege? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Magazeti huandika "ndege aina ya helikopta", nami sioni sababu ya kuyakosoa. Jina helikopta lilitungwa na Mfaransa Gustave de Ponton d'Amécourt mwaka 1861 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, la kwanza likimaanisha kitu kilichojizungusha kama parafujo, na la pili, "pteron", likimaanisha bawa. Mapanga yale yanayozunguka juu yake ni mabawa kwa maana kamili, kwani nayo huisukuma hewa chini ili chombo kipande; tofauti ni kwamba mabawa ya ndege ya kawaida hutegemea chombo kizima kisonge mbele ndipo yapate upepo, ilhali ya helikopta huutafuta upepo wao wenyewe kwa kuzunguka, hata chombo kikiwa kimesimama mahali pamoja. Unapotaka kuzitenganisha katika maandishi ya kitaalamu, andika "ndege ya mabawa yasiyosogea" kwa ile ya kwanza, na kwa ya pili helikopta inatosha.